Kijidudu Kisichotembea Kilivyowafuata Majeruhi wa Kandahar

Kati ya tarehe 1 Januari na tarehe 1 Septemba mwaka 2006, askari 6 wa Jeshi la Kanada walijeruhiwa vibaya nchini Afghanistan hata wasiweze kuvuta pumzi kwa nguvu zao wenyewe. Walifungiwa mashine za kupumulia, kisha wakarudishwa kwao kulazwa katika hospitali za Kanada. Walikuwa wameokoka katika medani. Lakini 4 kati ya hao 6 walishikwa na kichomi cha mapafu, na kichomi chenyewe hakikuletwa na kijidudu ambacho waganga wamezoea kukikuta kwa mtu aliyeugua nyumbani kwake. Kililetwa na kijidudu kiitwacho asinetobakta, ambacho dawa nyingi zilizomo katika kabati la daktari hazikukifanya lolote, hata zile za jamii ya kabapenemu ambazo kwa desturi huwekwa nyuma kama kikosi cha akiba.

Ndugu zetu wa jeshi na polisi watatuwia radhi tukiziacha leo habari za gwaride na mazoezi tukaingia katika wadi ya wagonjwa mahututi. Tumeona yafaa kufanya hivyo kwa kuwa aghalabu sisi tuvaao sare hudhani kwamba majeruhi akishapandishwa helikopta na kufikishwa kwa waganga, vita vyake vimekwisha, na lililobaki ni kumwombea dua na kumpelekea matunda. Habari ya Kandahar yaonyesha kwamba sivyo. Tena ni habari ya upelelezi, na wasomaji wetu wa polisi wataitambua mara moja njia iliyofuatwa na wataalamu, maana ni ileile waifuatayo wao katika kumsaka mhalifu.

MRIJA UNAOVUNJA BOMA

Kwanza tuieleze mashine yenyewe. Mtu mwenye afya huvuta pumzi kwa kukitanua kifua. Kiwambo kilicho chini ya mapafu hushuka, na hewa huingia bila kusukumwa. Aliyevunjika mbavu, aliyeumia ubongo, aliyeungua vibaya, au aliyelazwa usingizi wa dawa baada ya kupoteza damu nyingi, hawezi kazi hiyo. Hupitishiwa mrija kinywani mpaka ndani ya njia ya hewa, na mashine humsukumia pumzi kwa kipimo.

Ustadi huu ulishika mizizi katika jiji la Copenhagen, nchini Denmark, mwaka 1952, maradhi ya polio yalipowaangukia watu wengi kwa mara moja na hospitali ya Blegdam ikakosa mashine za kutosha. Daktari Bjørn Ibsen alishauri wagonjwa watobolewe koo na kupewa hewa kwa mfuko wa mpira unaominywa kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu usiku na mchana, kama walinzi katika lindo, wakiiminya mifuko hiyo. Vifo vilipungua sana, na kutokana na kazi ile ndipo zilipochipuka wadi za wagonjwa mahututi tuzijuazo leo.

Lakini mrija huohuo unaompa mtu uhai humvunjia boma lake. Mwenyezi Mungu ameyawekea mapafu ulinzi wa safu kadhaa: pua huchuja vumbi, ute hunasa kilichopita, vinyweleo vidogo mno hupiga makasia kuurudisha ute huo juu, na kikohozi hufukuza kilichosalia. Mrija hupita kando ya safu hizo zote. Mgonjwa hawezi kukohoa barabara kwa sababu amelazwa usingizi. Mate na uchafu wa kinywa hujikusanya juu ya puto dogo linaloushikilia mrija mahali pake, kisha hupenya pembeni mwake tone kwa tone. Ndani ya mrija wenyewe vijidudu hujenga utando unaonata, na kila pumzi isukumwayo na mashine yaweza kubandua kipande cha utando huo ikakipeleka chini. Kichomi kikitokea baada ya saa 48 tangu mrija ulipoingizwa, waganga hukihesabu kuwa ni kichomi cha mashine.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda kumtazama afisa mwenzetu, tuliyekuwa naye chuo cha makadeti, aliyepata ajali ya gari akiwa kazini na kufungiwa mashine katika hospitali moja ambayo hatutaitaja. Tuliingia na vumbi la safari. Kofia yetu tuliiweka juu ya mashine, kwani hatukuona mahali pengine pa kuiweka. Tukamshika mkono, tukalinyoosha bomba lililoonekana kujipinda, tukidhani twasaidia. Hakuna aliyetukataza, na bomba la maji lililokuwa mlangoni lilikuwa kavu. Siku ya 6 homa ikampanda. Hatuwezi kusema ni mkono wetu uliompelekea maradhi. Pengine sivyo kabisa. Lakini tangu tulipoisoma habari ya Kandahar, kofia ile hutujia akilini mara kwa mara.

TABIA ZA MSHUKIWA

Asinetobakta si mgeni duniani. Mwaka 1911 mtaalamu wa Uholanzi, Martinus Beijerinck, alikipata kijidudu cha jamii hii katika udongo. Jina lake limetokana na Kigiriki, na maana yake ni kisichojongea, kwa sababu hakina mkia wa kuogelea kama walivyo nao wenzake wengi. Ile aina inayowatesa majeruhi hasa, iitwayo baumannii, ilipewa jina hilo mwaka 1986 kwa heshima ya wataalamu wawili, Paul na Linda Baumann.

Kwa mtu mzima aliyesimama kwa miguu yake, kijidudu hiki mara nyingi si kitu. Akikigusa, akanawa, kimekwenda na maji. Ukali wake uko katika uvumilivu. Vijidudu vingi hufa vikikauka. Hiki huweza kukaa juu ya reli ya kitanda, pazia, kitasa cha mlango au kitufe cha mashine kwa wiki nyingi, bila maji wala chakula cha maana, kikingoja. Hakitembei, ila hubebwa: na mkono wa muuguzi, na ncha ya stetoskopu, na machela, na kofia ya afisa.

Sifa yake ya pili ni kuiba silaha. Mwaka 2006 wataalamu wa Ufaransa walitangaza kwamba wameisoma hati yote ya urithi ya asinetobakta mmoja aliyekuwa amesumbua hospitali za nchi yao. Ndani yake walikuta eneo moja lenye maagizo 45 ya kuzishinda dawa, yaliyokusanyika pamoja kama silaha katika ghala. Mengi ya maagizo hayo hayakuwa yake ya asili. Aliyapokea kutoka kwa vijidudu vya jamii nyingine kabisa. Ikumbukwe kwamba kila mara dawa kali inapotumiwa ovyo, vijidudu dhaifu hufa na kumwachia uwanja huyu mwenye ghala.

UDONGO WASHITAKIWA

Majeshi ya Marekani na washirika wake yalipoingia Irak mwezi Machi 2003, haikupita muda mrefu waganga wao wakaanza kumwona asinetobakta katika vidonda, katika damu na katika mapafu ya majeruhi. Taarifa rasmi iliyotolewa Novemba 2004 ilihesabu wagonjwa 102 ambao kijidudu hicho kilipatikana katika damu yao, kwenye hospitali za jeshi la Marekani zilizowapokea majeruhi, tangu Januari 2002 hadi Agosti 2004. Kati yao 33 walikuwa Landstuhl, nchini Ujerumani, na 45 walikuwa Walter Reed, mjini Washington.

Hapo hapo ikazuka hoja iliyopendeza masikioni. Ilisemwa kwamba kijidudu kinakaa katika udongo wa Irak, na bomu linapolipuka barabarani hukirusha pamoja na vumbi mpaka ndani ya nyama ya askari. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Katika vita vya Vietnam, waganga walikwisha kumwona ndugu wa kijidudu huyu, wakati ule akiitwa Mima, katika vidonda vya askari wa majini wa Marekani. Kadhalika ni kweli kwamba yako maradhi ya mapafu yatokayo udongoni: katika Asia ya Kusini-Mashariki na kaskazini mwa Australia kuna bakteria wa melioidosi, aishiye katika matope ya mashamba ya mpunga, ambaye huweza kumtia mtu kichomi kikali, na askari wa Vietnam walimjua.

Tena, na hili ni letu sisi wenyewe, hoja ya udongo ilikuwa na faida nyingine. Iliwaondolea lawama wote waliokuwa upande huu wa uzio. Adui akiwa katika udongo wa nchi ya watu, hakuna daktari wala kamanda anayeulizwa swali.

Wapelelezi wa maradhi hawakuridhika. Matokeo ya kazi yao yalichapishwa mwaka 2007. Walichukua sampuli 49 za udongo, wakampata mshukiwa katika sampuli 1 tu. Walipangusa ngozi za wagonjwa 160, wakampata kwa mtu 1. Kisha wakageukia hospitali zenyewe za medani. Walizipima 7, na katika zote 7 walimkuta mahali pa kutibia. Msomaji wa polisi na atafakari: ukimkosa mwizi kijijini kote, ukamkuta katika kila chumba cha kituo chako, utamtafuta wapi kesho?

Dalili nyingine ilikuwamo katika taarifa ile ya 2004, kwa aliyeisoma kwa makini. Kati ya wale wagonjwa 45 wa Walter Reed, 29 walikuwa majeruhi wa Irak na Afghanistan. Waliosalia 16 hawakuwa majeruhi wa vita hivyo. Udongo wa Irak usingeweza kuwarukia kitandani Washington.

ALAMA ZA VIDOLE

Sasa turudi Kandahar. Hospitali hiyo ya kimataifa kwenye uwanja wa ndege ilikuwa chini ya uongozi wa Kanada tangu mwanzoni mwa 2006. Lilikuwa jengo la mbao nyembamba katika nchi ya vumbi jingi, na kazi iliyofanywa humo iliwaokoa watu wengi. Hatusimulii haya kwa kuwabeza waliohudumu pale.

Wataalamu wa Kanada walichukua vijidudu vilivyotoka katika mapafu ya wale askari 4, wakachukua pia sampuli za mazingira ya hospitali ya Kandahar. Mahali pamoja palijibu. Palikuwa kichujio kilicho mahali ambapo mashine ya kupumulia huvutia hewa.

Kukuta asinetobakta katika kichujio peke yake hakutoshi, kama vile kukuta alama za viatu dirishani hakutoshi mpaka zilinganishwe na viatu vya mtu. Hivyo wataalamu walifanya kazi inayofanana sana na ile ya idara ya alama za vidole. Uzi wa urithi wa kijidudu, DNA, hukatwa kwa kimeng'enya mahali maalumu, na vipande vyake husukumwa kwa umeme ndani ya utomvu ulioganda. Vifupi hukimbia mbele, virefu hubaki nyuma, na mwisho hutokea safu ya mistari ambayo kila ukoo wa vijidudu una yake. Mistari ya vijidudu vya wagonjwa wote 4 ilikuwa sawasawa, na ilikuwa sawasawa na mistari ya kile cha kichujioni.

Wengine wangeishia hapo na kutangaza kwamba mashine ndiyo iliyoua. Wataalamu wale hawakufanya hivyo, nasi twawapongeza kwa uaminifu wao. Waliandika kwamba ushahidi unaelekeza kwenye mazingira ya hospitali ya Kandahar, lakini kwamba haukuthibitisha kuwa mashine ndiyo iliyowaambukiza. Mantiki yake ni rahisi. Kichujio kazi yake ni kunasa. Huenda kilikuwa kisima cha maradhi. Huenda pia kilinasa tu kilichokuwa kikielea katika hewa ya wadi, na kijidudu kikawafikia wagonjwa kwa mikono au kwa chombo kingine. Mtu aliyekutwa penye tukio huitwa na kuhojiwa. Hahukumiwi kwa hilo peke yake.

KASI NA GHARAMA YAKE

Jambo moja limetusumbua katika habari hii yote, nalo ni kwamba kijidudu kilisafiri kwa njia ya ufanisi wetu wenyewe. Katika vita vya Vietnam, majeruhi wa Kimarekani alikuwa akichukua wastani wa siku 45 kufika kwao. Katika vita vya Irak alifika kwa muda usiotimia siku 4. Alitoka kwa tabibu wa kikosi akaenda hospitali ya medani, akapandishwa ndege pamoja na daktari, muuguzi na fundi wa mashine ya kupumulia, akatua Ujerumani, akapandishwa tena. Vita vya pili vya dunia viliwaua karibu 30 katika kila majeruhi 100 wa Marekani, Vietnam 24. Katika miaka ya kwanza ya vita vya Irak na Afghanistan idadi ilishuka hata ikafika 10. Walio hai kwa sababu hiyo ni wengi, na asiye na shukrani kwa hilo hajawahi kumbeba mwenzake.

Lakini kila kituo katika mlolongo ule kilikuwa na kitanda kilichotangulia kulaliwa na mwingine, na mgonjwa aliyebeba kijidudu Jumatatu katika nchi moja, Ijumaa alikuwa katika nchi ya tatu. Askari wa Umoja wa Afrika waliokwenda Somalia tangu 2007, wa Uganda na Burundi kwanza, wanaijua safari ya namna hiyo, kwani majeruhi wao wa hali mbaya walisafirishwa kwa ndege mpaka hospitali za Nairobi. Sisi nasi, basi, tumo katika mlolongo.

Hatua zilizochukuliwa na majeshi yale hazikuwa za miujiza. Majeruhi aliyefika kutoka medani aliwekwa chumba cha peke yake, akapanguswa kwapani na kinenani, na majibu yakasubiriwa kabla hajachanganywa na wengine. Miongozo ya tiba ya majeraha iliyotolewa Marekani mwaka 2008 iliwataka waganga wa mbele wasikimbilie dawa zenye kuua kila kitu, bali watumie sefazolini, dawa ya zamani na ya shabaha nyembamba, ili ghala la mshukiwa lisipewe nafasi. Mwaka 2009 jeshi hilo liliunda mtandao wa kukusanya na kutunza vijidudu sugu kutoka hospitali zake, mfano wa daftari la wahalifu wa kudumu.

Kwa upande wa dawa, waganga walilazimika kurudi nyuma. Kolistini, iliyogunduliwa Japani mwishoni mwa miaka ya 1940, ilikuwa imewekwa kando kwa sababu huumiza figo. Iliitwa tena kazini kama askari mstaafu, kwa kuwa vijana wote walikuwa wameshindwa. Mwezi Mei 2023 Marekani iliruhusu dawa mpya iliyotengenezwa hasa kwa ajili ya asinetobakta, mchanganyiko wa salbaktamu na dulobaktamu. Ni habari njema. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani, lililomweka asinetobakta asiyesikia kabapenemu katika kundi la hatari kuu mwaka 2017, lilimwacha katika kundi hilohilo orodha ilipotazamwa upya mwaka 2024.

Yako pia mambo yasiyohitaji fedha za kigeni. Mjini Barcelona wataalamu waliwagawa wagonjwa 86 wa mashine katika makundi mawili, wengine wakalazwa chali, wengine wakainuliwa kifua na kichwa kwa pembe ya nyuzi 45. Matokeo yalitangazwa mwaka 1999. Kati ya 47 waliolala chali, 16 walishukiwa kupata kichomi. Kati ya 39 walioinuliwa, walikuwa 3. Kitanda kiliinuliwa tu, tumbo lisirudishe uchafu wake kooni. Kusafisha kinywa cha mgonjwa, kumwaga maji yanayojikusanya ndani ya mabomba bila kuyaacha yamrudie kifuani, kupunguza dawa ya usingizi kila siku ili ionekane kama aweza kupumua mwenyewe na mrija uondolewe mapema, yote hayo ni kazi ya muuguzi mwenye maji, sabuni na muda. Muda ndio adimu. Muuguzi mmoja aliyewekewa wagonjwa wengi atakimbia kutoka kitanda hiki hadi kile, na safari zake hizo ndizo miguu ya kijidudu kisichokuwa na miguu.

Mwenzetu wa ajali ya gari alikaa na mrija siku 23. Tulipomrudia mara ya tatu, muuguzi wa zamu, mwanamke mfupi ambaye cheo chetu hakikumshughulisha hata kidogo, alitusimamisha mlangoni. Palikuwa na ndoo yenye bomba, na kipande cha sabuni katika kisahani.

"Afande, kofia ibaki nje," alisema, "na saa ya mkononi pia."

Tuliivua saa, tukanawa mpaka kwenye viwiko, naye akisimama kuhesabu.